Zahidi Aliyedaiwa Kochi

Mtaa mzima walimwita Bwana Kochi, na jina lilimkaa sawasawa. Zaidi ya miaka thelathini na mmoja mtu huyu alikuwa anatengeneza makochi: anapiga fremu, anafunga mikanda, anakata sponji, anavalisha kitambaa, halafu anauza kabla gundi haijakauka vizuri. Ukiingia karakanani kwake hukuulizwa kwanza unataka rangi gani. Uliambiwa ukae. Unakaa kwenye benchi la mbao, naye anapiga goti mbele yako na tepu yake, anapima kutoka nyuma ya goti hadi chini, kutoka kiunoni hadi begani, huku anakuhoji kama daktari. Unaegemea kulia au kushoto? Unapenda kukunja miguu? Ukisinzia unateleza? Kila mteja alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Wallahi, alijua migongo ya watu kuliko wake zao walivyoijua.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyekwenda msikitini siku moja, akaswali alasiri, akabaki kusikiliza darsa kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na mwavuli. Shehe siku hiyo alikuwa anaeleza zuhudi, yaani mtu kuipa dunia kisogo. Akasema Mtume, rehema na amani zimshukie, alilala juu ya jamvi mpaka likamwachia alama ubavuni, na masahaba walipotaka kumtandikia kitu laini akawaambia kuwa yeye na dunia ni kama msafiri aliyepumzika kwenye kivuli cha mti, kisha akaondoka na kuuacha mti pale pale.

Wenzake walisema subhanallah, wakachungulia nje kuona kama mvua imekatika. Bwana Kochi yeye jasho jembamba lilimtoka. Akajiona amesimama Siku ya Hesabu na nyuma yake msururu wa makochi, kochi baada ya kochi, mengine ya kona, na juu ya kila kochi mtu amelala kinywa wazi amepitwa na swala ya alasiri. Ni nani aliyewalaza? Ni yeye! Ni yeye na sponji zake! Alitoka msikitini hata viatu vyake hakuvaa, akavikumbatia kifuani, akaenda nyumbani peku kwenye matope.

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Hiyo ndiyo kazi yake, anapiga pasi nguo za watu, na hiyo ndiyo sababu ukiwauliza majirani yule mama yukoje watakuambia amesimama. Hawana maelezo mengine.

"Mama watoto," Bwana Kochi akatangaza mlangoni, matope yanamchuruzika, "nimeiacha dunia."

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kola ya shati. "Futa miguu."

"Sitanii. Karakana nafunga kesho. Kuanzia leo mimi ni mtu wa jamvi moja, kanzu moja na bakuli moja. Sitaki kitu."

"Sawa," mkewe akasema, akaligeuza shati. "Kabla hujaondoka duniani, nipe kochi langu."

Hapo inabidi nikwambie habari ya kochi, maana kila kilichotokea baadaye kilitoka humo. Walipofunga ndoa bibi harusi aliulizwa anataka mahari gani. Wenzake wa rika lake walitaja dhahabu, wengine vitenge na cherehani. Yeye akataja kochi la watu watatu, la mahameli, lililotengenezwa na mkono wa huyu bwana mwenyewe, zuri kama yale anayowauzia wengine. Ikaandikwa. Bwana harusi akasema ndani ya mwezi mmoja litakuwa sebuleni. Lile la kwanza alilolitengeneza likapata mteja. La pili likapata mteja. Miaka ikaenda, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa na kuondoka, na kila kochi lililokuwa la mama huyu liliondoka kwenye mkokoteni kwenda kwa mtu mwingine. Sebuleni mwao palikuwa na benchi. Shame, mimi nasema. Aibu tupu.

Na huyu bwana, pamoja na vituko vyake, dini alikuwa anaiogopa kwelikweli. Alijua mahari ni haki ya mke, na anayekufa na haki ya mtu shingoni anaiendea mahakama nzito. Hata zuhudi ingekuwa mchezo wa kuigiza: unaipaje dunia kisogo na umeishika mali ya mwenzako? Njia zilikuwa mbili tu. Ama atengeneze kochi, arudi kwenye ule ule ulaini alioukimbia na viatu kifuani, ama mkewe amsamehe kwa ridhaa yake. Bwana Kochi akachagua msamaha. Akapiga moyo konde, akaamua kumhubiria mkewe zuhudi mpaka asamehe lile kochi mwenyewe, kwa furaha, machozi yakimtoka.

Alianza na godoro. Godoro lilikuwa lao wote wawili, naye hakutaka kudhulumu, basi akaleta kisu cha kukatia sponji akalipasua katikati, mstari ulionyooka kama wa msumeno wa kiwandani. Nusu ya mkewe akaiacha, nusu yake akampelekea mjane wa mtaa wa pili. Kuanzia hapo kitanda kilikuwa na ghorofa. Mkewe alilala juu, Bwana Kochi chini kwenye mbao, na akitaka kuzungumza naye ilibidi atazame juu kama anamwita mtu dirishani.

"Unaonaje?" alimuuliza asubuhi ya kwanza, anajinyoosha mgongo unalia kama mlango mbovu. "Moyo wangu umekuwa mwepesi."

"Alhamdulillah," mkewe akasema. "Na kochi?"

Akahamia kwenye mawaidha. Mama anapiga pasi, yeye amechuchumaa pembeni anamsomea. Dunia inapita. Mahameli inaoza. Kochi lolote mwisho wake ni kuchakaa.

"Litachakaa," mkewe alikubali, "nikiwa nimelikalia."

"Hivi huna hata chembe ya zuhudi?"

Mama akaipumzisha pasi kidogo akamtazama. Akachovya vidole kwenye maji, akanyunyizia suruali ya mtu, akaendelea. Mimi ningekuwa yeye ningemrushia hiyo suruali. Maana lile bakuli moja la zahidi wetu, ambaye karakana ameshaifunga kwa kufuli mbili, lilikuwa linajazwa mara tatu kwa siku, na kilichokuwa kinalijaza ni hiyo pasi.

Basi kilipofika kipindi cha tofali ndipo mambo yalipotia fora. Bwana Kochi aliona benchi nalo ni anasa, lina sehemu ya kuegemea. Akaokota tofali moja nyuma ya nyumba, akaliweka nje mlangoni, akawa analikalia tangu asubuhi mpaka adhuhuri na tasbihi mkononi. Watu wakaanza kusimama. Bwana Kochi? Juu ya tofali? Habari zikasambaa. Wengine walikuja kumsalimia, wengine kumwomba dua, na bibi mmoja alikuja na mto mdogo wa kukalia, amemshonea mwenyewe kwa huruma. Aliukataa kwa sauti ya juu ili na wa ng'ambo ya barabara wasikie.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango ule, alivumilia siku nne. Wateja walikuwa wanageuza shingo kumtazama mtu wa tofali wakati wembe uko shingoni, na kazi ilikuwa ngumu. Siku ya tano kinyozi naye akatoka nje, akakaa. Juu ya nusu tofali.

"Jirani," Bwana Kochi akamwambia, "hiyo ni nini?"

"Zuhudi, jirani."

"Hiyo ni nusu."

"Ndiyo," kinyozi akasema kwa unyenyekevu uliozidi mpaka. "Tofali zima naona ni kupenda dunia."

Bwana Kochi hakulala vizuri. Kesho yake alitoka na kipande cha kigae. Kinyozi akaja na jiwe. Wiki ilipokwisha, watu wazima wawili, mmoja mjukuu wake anasoma darasa la tatu, walikuwa wamechuchumaa mlangoni, kila mmoja juu ya kokoto ambalo hukuliona mpaka ainuke, wanatetemeka mapaja, wanasalimia wapita njia kwa meno yaliyokazwa. Na usidhani lile tofali la kwanza alilitupa. Alilifuta vumbi, akaliweka ndani karibu na mlango, na siku mkewe alipoliazima kuzuia mlango usigongwe na upepo alimfokea. "Hilo ni tofali langu! Kuna matofali mangapi nje, lazima uchukue langu?"

Mkewe akalirudisha, akasema polepole, "Nimekuelewa. Mtu na kitu chake."

Ilimchoma. Jioni ile ile akaenda kwa shehe, amekasirika, kwenda kumshtaki mke wake.

Alimkuta shehe barazani kwake amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto wa duara wenye tundu katikati, maana alikuwa na maradhi ambayo watu wazima hawayataji mbele za watu. Bwana Kochi akautazama ule mto kwa jicho baya, akasalimia, akamwaga yote. Yeye yuko tayari. Moyo uko tayari. Ni mwanamke tu amemshikilia duniani kwa kochi. Shehe amwite, amkanye, amwambie asamehe.

Shehe alisikiliza hadi mwisho, akajiweka sawa kwenye tundu lake.

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Umetengeneza makochi mangapi miaka hiyo?"

Bwana Kochi akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

"Nimesikia habari za tofali," shehe akasema. "Nimesikia limekuwa kokoto. Sasa niambie kweli, ndugu yangu. Kinyozi akiamka kesho akakaa juu ya punje ya mchanga, utafanyaje?"

Bwana Kochi, maskini, alikuwa ameshaifikiria punje ya mchanga. Alitazama chini.

"Mimi nakaa juu ya mto huu," shehe akaendelea, "kwa sababu bila huo sitaweza kuwafundisha. Ukiniambia kesho unautaka, chukua, nitasimama. Wewe kokoto lako hulitoi. Hiyo unayoifanya pale mlangoni sijui inaitwaje, ila mimi sikuifundisha. Na mahari ni yake. Akitaka kusamehe ni hiari yake, akitaka kudai ni haki yake, na sitamwita mwanamke aliyedai kwa adabu miaka thelathini na mmoja nikamwambie amekosea. Nenda kampe kochi lake. Dunia utaiacha ukishamaliza kuidhulumu." Kisha akainama mbele, akashusha sauti. "Na ukifungua karakana, sponji ya mto huu imelala. Kama utapata nafasi."

Alirudi nyumbani amenywea. Akamwambia mkewe, "Nitakutengenezea." Mkewe akasema, "Haya." Basi. Wala hakutabasamu, maana "nitakutengenezea" alishaisikia mara nyingi kuliko jina lake.

Ukweli lazima usemwe: wazo la kwanza la Bwana Kochi lilikuwa la kihuni. Alipanga kupiga kochi la chapuchapu kwa mabaki, sponji ya vipande, mahameli ya kuokoteza, alipe, amalize, arudi mlangoni akiwa huru. Akafungua kufuli mbili, akachukua daftari kutafuta vipimo. Akafunua kurasa. Wapo watu wa mtaa mzima humo, na mitaa mingine. Yupo yule bibi wa mto. Kinyozi yupo mara mbili, kabla na baada ya kitambi. Akatafuta tena kuanzia mwanzo, akilowesha kidole. Mkewe hayumo.

Akamwita. Mama akaja karakanani kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, ameziacha nguo za watu zimerundikana, akasimama katikati ya vumbi la mbao.

"Kaa hapo kwenye benchi nikupime."

Akakaa. Na alivyokaa! Ukingoni kabisa, mgongo umenyooka, visigino vimeinuka, kama mtu aliyekaa foleni na jina lake linafuata kuitwa. Bwana Kochi akapiga goti.

"Rudi nyuma kidogo. Kaa vizuri."

"Si ndiyo nimekaa?"

Akapima nyuma ya goti hadi chini. Kipimo kikamshangaza, akapima tena. Kila siku alimdhania mrefu, kwa sababu kila siku alimwona amesimama na yeye amekaa. Tepu ilipofika kwenye kifundo haikuzunguka kwa urahisi. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, na alipoibonyeza kidogo kwa kidole gumba pakabaki shimo.

"Imeanza lini hii?"

"Hii? Zamani. Ikifika mchana ndiyo inakuwa hivyo."

Akashika kalamu, kwa sababu alihitaji kushika kitu, akauliza maswali yake ya siku zote. "Unaegemea kulia au kushoto?"

Mkewe akafikiri. Alifikiri kweli, amekunja uso, kama mtoto aliyeulizwa swali la mtihani na anataka kupata.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuegemea."

Bwana Kochi aliandika neno hilo kwenye daftari, sijui, kwenye mstari wa kuegemea, na herufi zikapanda juu. Aliona haya. Sisemi alisikitika kidogo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alitumia mwezi na zaidi kutafuta mtu asiye na kitu cha dunia, akajifanya ndiye yeye, akakaa mlangoni apigwe salamu, na mtu mwenyewe alikuwa nyuma yake ndani ya nyumba anamnyooshea kanzu.

Kochi lilimchukua siku tisa. Mbao alizichagua moja moja. Sponji alinunua nzito mpya, akaipanga tabaka tatu. Kwa kuwa hakujua anaegemea wapi, pembe ya kulia na ya kushoto zote mbili alizijaza sawa, na katikati vilevile. Miguu ya kochi akaikata mifupi, ili ya mama ifike chini. Tatizo likaja kwenye kulijaribu. Kila kochi lazima likaliwe kabla halijatoka, lakini yeye alikuwa amejizuia kukalia kitu laini, akamwita kinyozi.

Kinyozi akaja na kokoto lake mfukoni. Akakaa kwa uchamungu, ukingoni. Akarudi nyuma kidogo, kwa ajili ya kazi. "Hapa pako sawa," akasema. "Na hapa pia pa—" Sentensi hiyo haikuisha. Walimwamsha wakati wa alasiri, akaenda msikitini moja kwa moja, na kesho yake kibanda kilifunguliwa saa moja asubuhi na kokoto halikuonekana tena.

Siku ya kumi mkokoteni ulilileta nyumbani. Benchi likatolewa, kochi likaingia, rangi ya damu ya mzee, mahameli inameremeta, likajaa ukuta mzima. Mama akazima pasi. Akafuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma. Akalizunguka mara moja, akaligusa, akakaa ukingoni. Kisha mama akarudi nyuma. Akarudi nyuma zaidi, taratibu, kama anayeshuka kwenye maji asiyojua kina chake, mpaka mgongo ukafika, na hapo akatoa pumzi ambayo mumewe alikuwa hajaisikia tangu wamefahamiana. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili. Akajinyoosha kochi zima, la watu watatu, yeye peke yake, na kichwa akakiweka upande wa kushoto.

Kushoto, Bwana Kochi akajisemea. Kumbe ni kushoto.

"Umelipa," mama akasema, macho yamefumba. "Mahari yangu nimeipokea. Sikudai kitu tena. Nenda kwenye zuhudi yako."

Ndiyo hayo aliyokuwa anayataka. Alikuwa ameyaombea, ameyalilia, ameyakatia godoro. Mlango ulikuwa wazi, yuko huru, hana haki ya mtu shingoni. Akasimama pale katikati ya sebule na tepu shingoni, akaona hakuna mahali popote duniani anapotaka kwenda.

"Mama watoto," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Hilo kochi ni lako. Siwezi kulikalia bila idhini yako."

"Hilo ni kweli."

"Basi naomba nikae. Hapo miguuni tu. Kidogo."

Mama akafumbua jicho moja. Akamtazama kuanzia kanzu moja hadi miguuni, akaitazama nafasi, akalifumba tena.

"Leo hapana," akasema. "Leo nalala mwenyewe. Kesho uniombe tena."

Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Bwana Kochi akavaa viatu, safari hii vyote viwili, akaenda msikitini akaswali nyuma ya shehe. Shehe alikuwa ameshawafundisha kuwa mtu aliyeipa dunia kisogo haweki matumaini hata ya kufika kesho. Bwana Kochi alipoinama kusujudu rakaa ya mwisho, mzee wa watu hakuinuka muda mrefu mpaka wenzake wakatoa salamu bila yeye, na dua yake ilikuwa moja: Mola wangu, nifikishe kesho.